Kapu la Barua Zisizo na Mwenyewe

Kama hujawahi kumfuta baba yako kwa kidole chako mwenyewe, shukuru Mungu, halafu keti usikie habari za aliyemfuta.

Alikuwa mtunza seva wa kampuni moja ya kufunga na kutengeneza pampu za maji. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mwenye maneno machache kiasi kwamba wenzake kazini walimbandika jina la Bi Kimya, naye akalivaa bila kinyongo. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mafagio, chini ya ngazi. Humo seva ilikaa kwenye rafu ya chuma ikivuma kutwa, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya rangi. Ndoo ikijaa, wa kuimwaga ni yeye. Barua pepe zote za kampuni zilipita humo, na hakuna aliyekumbuka kwamba chumba hicho kipo mpaka siku zilipokwama.

Baba yake alikuwa fundi mkuu wa kampuni hiyo hiyo, miaka ishirini na sita. Mzee huyo alikuwa na desturi yake. Kila pampu aliyoitia mkono aliibandika kikaratasi cheupe chenye anwani yake ya barua pepe ya kazini, na chini yake maneno mawili: "Ikisumbua, niandikie." Na watu walimwandikia kweli. Wenye bustani, wenye shule, wenye nyumba za kupanga, watu wa zahanati. Naye alimjibu kila mmoja siku ile ile, kwa kidole kimoja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ukimwambia apumzike, atakujibu kwamba barua ni mtu amesimama mlangoni, na mtu humwachi mlangoni.

Kisha akaletwa meneja mpya. Karakana ilimpa jina lake kabla wiki haijaisha: Bwana Saini. Alisaini kila alichowekewa, akiwa wima, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, bila kusoma hata kichwa cha habari, na alijisifu kwamba mezani kwake karatasi hailali. Ilikuwa raha kufanya naye kazi mpaka alipoagiza mota fulani za ovyo, na fundi mkuu akakataa kuandika kwamba ni nzima. Mzee alizifungua tatu mbele ya mafundi wote, akaonyesha beringi za ndani zilivyokuwa mbovu, akasema jina lake haliendi juu ya takataka. Hakupiga kelele. Lakini mafundi walicheka, na Bwana Saini alikuwa amesimama pale pale.

Jumatatu iliyofuata mzee alipewa barua ya kustaafu kabla ya chai. Kufika saa sita alikuwa amekwisha kurudisha simu ya kazini, funguo, kitambulisho na hata ovaroli. Hakuna aliyemuaga, watu waliambiwa wasiache kazi. Halafu Bwana Saini akateremka kwenye stoo ya mafagio, mara yake ya kwanza kukanyaga humo.

"Futa anwani ya fundi mkuu," alisema.

Bi Kimya alimweleza kwa adabu kwamba anwani ile imebandikwa kwenye pampu za nusu ya mji, na kwamba ingekuwa vyema barua hizo zielekezwe karakana. Bwana Saini akacheka.

"Wateja ni wa kampuni, dada, si wa mzee. Mwezi mmoja tu, na hakuna hata mmoja atakayemuulizia."

Akasimama nyuma ya kiti mpaka alipoliona jina limetoka kwenye orodha. Kuanzia dakika ile, aliyemwandikia fundi mkuu alirudishiwa barua yake na mstari mmoja: anwani hii haipo. Na aliyebonyeza ni mtoto wake wa kumzaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alibonyeza mara moja tu, bila kusita. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na hili wala halikuwa kovu, lilikuwa jeraha bichi.

Nyumbani, mzee aliweka kiti cha plastiki kwenye korido, akauelekea ukuta wa jirani, akakaa. Alikuwa mtu wa kushika kitu mkononi siku zote: bawaba, bomba, redio ya mtu. Sasa alishika magoti yake. Mama alimtafutia kazi za uongo. Bomba la jikoni lilifunguliwa na kufungwa mara mbili wala halikuwa na kosa. Na kila jioni binti akirudi, swali lilikuwa moja.

"Kuna aliyeniulizia?"

"Bado, Baba."

Mzee hutikisa kichwa, akasema basi, watu wana shughuli zao.

Lakini waliomuulizia walikuwepo. Seva huandika kila kinachobisha hodi, hata kile kilichofukuzwa, na Bi Kimya alipofungua kumbukumbu za wiki ile aliona anwani ya baba yake imebishiwa hodi mara kumi na tisa. Waliobisha aliwaona. Walichosema hakukiona, kwa sababu walirudishwa na maneno yao. Hapo ndipo damu ilipomchemka. Bwana Saini alikuwa amejenga uongo wake kwamba hakuna wa kumuulizia mzee, kisha akamfanya yeye, binti wa mwenye nyumba, awe bawabu wa kuulinda.

Naye alijua dawa yake. Kwenye seva ya barua kuna swali moja ambalo watu wengi hawajui kwamba huulizwa: ikija barua ya mtu asiyekuwepo, tuifanyeje? Ama inarudi kwa aliyeituma na taarifa kwamba hakuna mtu huyo, ama inaingia kimya kimya kwenye sanduku moja la jumla, la barua zote zisizo na mwenyewe, na aliyeituma haambiwi kitu. Watunza seva wengi hawalipendi sanduku hilo kwa sababu hujaa uchafu. Bi Kimya alilipenda siku ile kama mtu apendavyo panga lililonolewa.

Na hakutaka kuliweka kwa wizi. Alitaka mkono wa adui uwemo. Kampuni ilikuwa na daftari la mabadiliko: chochote kinachoguswa kwenye seva huandikwa humo, na meneja hutia saini. Aliandika kwa mwandiko safi kwamba kuanzia siku hiyo barua zote za anwani zisizojulikana ziingie sanduku moja, mtunza seva azifungue na kuzipanga, na orodha yake isomwe kwenye kikao cha robo mwaka mbele ya mkurugenzi. Ijumaa akalipeleka. Bwana Saini alikuwa na simu sikioni, anamwambia mtu fulani kuhusu viatu. Alisaini chini ya maneno "mbele ya mkurugenzi", akarudisha kalamu mfukoni na kumpungia mkono aende zake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alichimba kwa wino.

Bi Kimya akarudi stoo, akafungua ukurasa wa mipangilio, akatengeneza sanduku jipya akaliita Kapu. Kwenye mstari wa anwani zisizojulikana akatoa "rudisha", akaweka "peleka Kapu". Ili kujaribu, alimwandikia barua mtu ambaye alikuwa na hakika kabisa hayupo katika kampuni ile: Meneja Mwema. Sekunde tatu, ikaingia Kapuni. Alicheka peke yake mpaka goti likapiga ndoo na maji yakamwagika.

Siku ya kwanza Kapu lilinasa barua mia tatu na kumi. Dawa za kuotesha nywele, mirathi ya wajomba wasiojulikana, warembo wapweke wanaotafuta mume mcha Mungu. Aliweka chujio, uchafu ukaenda zake, zikabaki tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za baba yake. Wiki ya pili zake peke yake zikawa kumi na moja. Muuguzi mkuu wa zahanati ya upande wa pili wa mji aliandika kwamba pampu imeanza ule mlio ambao mzee aliwaonya, je, waizime? Mwenye shule aliuliza mzee atapita lini. Mwenye bustani mmoja hakuwa na shida yoyote, alimsalimu tu na kumwambia miche imeshika. Hiyo Bi Kimya aliisoma mara tatu, akalia kidogo, akajipangusa kwa kitambaa cha kufutia vumbi la mashine.

Angeweza kuzipeleka karakana. Angeweza kwenda nazo nyumbani jioni ile ile, akazimwaga mapajani mwa mzee. Msimwonee, aliliwaza hilo, tena mara nyingi. Lakini barua ikishajibiwa imekwisha kazi yake, na yeye hakutaka barua chache zilizojibiwa. Alitaka rundo. Alitaka siku ya kikao rundo lile lianguke mezani kwa kishindo, Bwana Saini alisikie, na baba yake arudishiwe heshima yake yote kwa mkupuo mmoja. Kikao kilikuwa wiki saba mbele. Subira yavuta heri, alijiambia, na mzee alipouliza jioni, alijibu kama kawaida.

"Bado, Baba."

Wiki ya nne ikaingia barua iliyomwinua kitini. Kwa fundi mkuu, kutoka kwa Bwana Saini.

Ndiyo, yule yule. Mtambo wa kupimia pampu pale karakana ulikuwa umegoma, na aliyejua namna ya kuubembeleza alikuwa kwenye kiti cha plastiki anatazama ukuta. Bwana Saini alishika simu yake, akaandika herufi mbili za mwanzo, simu ikamletea anwani ya zamani, akatuma. Kwamba aliisimamia ikifutwa, alikuwa amesahau. Mtu asiyesoma anachosaini atakumbukaje anachofuta? Zamani seva ingemrudishia barua yake na kumkumbusha. Sasa haikumrudishia kitu, kwa sababu alisaini isirudishe.

"Mzee wangu, natumai hujambo pamoja na familia," ilianza. Mzee wangu! Aliomba aelezwe ni valvu ipi inayofunguliwa kwanza. Aliomba pia jambo hilo libaki kati yao wawili.

Hakujibiwa. Akaandika tena. Kwa kuwa hakuna kilichorudi, aliamini mzee anasoma na kumpuuza, na kila barua ikawa ndefu kuliko iliyotangulia, na ndani yake Bwana Saini akazidi kuwa mfupi. Alikiri mota zilikuwa mbovu. Alikiri alifanya haraka. Ya saba ilisema amemkosea mzee na anajuta, ila asimwache aadhirike mbele ya mkurugenzi. Kumuuliza binti namba ya simu ya nyumbani aliona aibu. Lakini alianza kupitapita kwenye stoo ya mafagio na uso wa huruma, akisimama mlangoni mikono nyuma.

"Mzee hajambo?"

"Hajambo, bosi. Anapumzika."

"Anasoma barua zake siku hizi?"

"Hilo sijui, bosi."

Akishaondoka, Bi Kimya alifunga mlango na roho ikamsuuzika. Sikufichi, alinenepa wiki zile. Alikula akashiba, alilala usingizi wa mtoto mchanga, na njiani alijikuta anaimba. Barua ya pili ya muuguzi ilipoingia, kwamba pampu imesimama kabisa na wanachota maji kwa ndoo, aliipanga nyuma ya ile ya kwanza kwa kufuata tarehe. Ya tatu ilikuwa na sentensi moja tu. Nayo akaipanga.

Siku ya kikao ikafika. Mkurugenzi alikuwa mama mtu mzima aliyeianzisha kampuni pamoja na marehemu mumewe. Alikuja mara nne kwa mwaka, akakaa kichwani mwa meza, akasikiliza zaidi kuliko kusema. Kwa kawaida Bi Kimya hupewa dakika mbili, karibu na mlango, aseme seva ni nzima. Safari hii alikuja na rundo la karatasi alilolifunga kwa kamba, akasimama, akaanza kusoma kama anayeita mahudhurio ya darasa: tarehe, aliyeandika, anayeandikiwa. Zahanati, kwa fundi mkuu. Shule, kwa fundi mkuu. Bustani, kwa fundi mkuu.

Zilipofika ishirini, mkurugenzi alivua miwani. Zilipofika arobaini aliuliza imekuwaje anayetafutwa ni mtu mmoja, ilhali yeye aliambiwa mzee aliomba mwenyewe kupumzika na wateja wake wamekabidhiwa vizuri. Bwana Saini akasema hao ni wachache waliochelewa kupata habari. Bi Kimya akafunua ukurasa.

"Tarehe tisa. Meneja, kwa fundi mkuu. Tarehe kumi na moja. Meneja, kwa fundi mkuu. Tarehe kumi na nne. Meneja, kwa fundi mkuu."

Zilikuwa kumi na mbili, na alizisoma zote bila kupandisha sauti. Bwana Saini alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema hizo ni barua za faragha, hakuna mwenye haki ya kuzifungua. Mkurugenzi akaomba daftari la mabadiliko, akalisoma taratibu, kisha akamsogezea.

"Saini hii ni ya nani?"

 Mkurugenzi akaichukua ile barua ya saba, akaisoma yote kwa sauti, na mafundi wawili waliohudhuria wakatazama dari ili wasicheke. Kufika saa saba Bwana Saini alikuwa amekwisha kurudisha simu, funguo na kitambulisho. Ovaroli hakuwahi kuwa nayo. Mkurugenzi akamwambia Bi Kimya ampelekee baba yake habari kwamba nafasi yake inamngoja, na kama usafiri unamsumbua atatumiwa gari. Bi Kimya akateremka stoo na kuifuta anwani ya Bwana Saini, safari hii bila mtu nyuma ya kiti. 

Aliomba ruhusa mapema. Jua lilikuwa bado kali alipoingia nyumbani na rundo kwapani, akamkuta mzee kwenye kiti chake na Mama anachambua mchele. Alisimulia yote kwa pumzi moja, yeye asiyesema: Kapu, daftari, tarehe tisa, mjusi na mlango. Mama aliacha mchele akapiga makofi, akasema Mungu si wa mtu mmoja. Kisha Bi Kimya akaliweka rundo mapajani mwa baba yake.

"Umeulizwa, Baba. Hizi zote. Hakuna aliyekusahau."

Mzee akavaa miwani. Kwa kurasa chache za mwanzo uso wake ulifunguka hivi kwamba binti alisema moyoni, hata nikifa leo sawa. Barua kumi na mbili za Bwana Saini alizipitia upesi, kama mtu apitiavyo matangazo. Akarudi nyuma. Akatoa moja, akaishika peke yake.

"Huyu wa zahanati aliandika lini?"

"Wiki ya pili, Baba. Unaona? Wiki ya pili tu, na yule mtu alikuwa anasema..."

"Wewe uliisoma lini?"

Bi Kimya alisema aliisoma siku hiyo hiyo.

Mzee akatafuta ya pili, akaisoma. Akatafuta ya tatu, ile ya sentensi moja, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma kipimo.

"Mzee, kama kuna jambo tulilokukosea, tunaomba utusamehe."

Mama alishusha ungo. Bi Kimya akaanza kueleza kwamba kama angeijibu mapema kusingekuwa na ushahidi, kwamba yule mtu angeponyoka, kwamba alikuwa anamlipizia yeye. Mzee akamwacha amalize.

"Yule alipowafukuza, walirudishiwa barua zao," alisema. "Walijua sipo. Wakaenda zao kutafuta fundi mwingine. Hawa wako hawakurudishiwa kitu. Wiki saba wanajua nipo ndani, nawasikia, na sitaki kufungua." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Yeye alinifutia anwani, mwanangu. Jina umenifutia wewe."

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomnyong'onyeza binti. Alitamani apigwe kofi. Mzee akainuka kwenye kiti cha plastiki, mara ya kwanza bila kuitwa mezani, akanyoosha mkono kuomba simu. Namba ya muuguzi ilikuwa chini ya barua. Aliipiga na kuweka sauti ya juu, kama ilivyo kawaida yake, kwa sababu mota zilikwisha kumharibu masikio. Akajitaja. Akasema amepata barua zao leo, anaweza kufika sasa hivi, ana vifaa.



"Asante, Mzee," alisema muuguzi, kwa adabu ile wanayopewa watu usiotaka tena kuwaona. "Tulishapata watu wengine. Kile kikaratasi chako tulikibandua."

"Sawa, mama," alisema mzee. "Poleni kwa shida ya maji."

Akakata. Alisimama kidogo ameishika simu, halafu akaketi, akaiweka barua ya zahanati chini ya kiti na kumkabidhi binti yake inayofuata, kwa sababu miwani ilikuwa imeingia ukungu. Akamwambia amsomee namba. Ilibidi amwambie mara mbili. Walikuwa wamebaki watu arobaini na mmoja.